Murua na Karai la Viazi: Jioni Moja Katika Vibanda vya Ukunda



Mwezi uliopita, katika darsa ya akina mama inayofanyika baada ya Alasiri, tuliulizwa juu ya familia zinazotoka jioni kwenda kula kwenye vibanda vya Ukunda, pale njia ya Diani inapoachana na barabara kuu ya Likoni na Lungalunga. Muulizaji alitaka kujua kama jambo hilo lina ubaya wowote. Tulijibu upesi. Tulisema kwamba wanazuoni wetu wamehesabu kula sokoni kuwa miongoni mwa mambo yanayopunguza murua wa mtu, na kwamba mama mwenye heshima zake hana haja ya kutafuna barabarani ilhali jiko lake liko nyumbani. Akina mama walinyamaza, wengine wakatikisa vichwa kukubali, nasi tukafunga kitabu tukiwa tumeridhika na jibu letu.

Siku mbili baadaye alikuja nyumbani kwetu mama mmoja wa mtaa. Hakutaka kuonana nasi. Aliomba kuzungumza na mama wa watoto wetu, wakaketi uani. Maneno aliyoyaacha tulifikishiwa jioni, na tunayaandika hapa kwa idhini yake bila ya kumtaja jina.

"Dada, nifikishie salamu kwa maalim," alisema. "Mwambie mimi ni mwanamke niliyefiwa na mume. Nina watoto watatu, na wote wasoma katika madrasa yake. Kila mwisho wa mwezi nawapa ada mkononi, na maalim huipokea na kuwaombea dua. Ada hiyo yatoka kwenye karai la viazi. Kama watu wenye heshima hawafai kuja kula kwangu, basi nataka kujua, na ile ada yeye huipokeaje?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule tulilala na swali hilo, na tulipoamka kwa Alfajiri lilikuwa bado liko pale pale. Wanafunzi wa fiqhi hufundishwa mapema kwamba kukihukumu kitu hutanguliwa na kukijua kitu chenyewe. Sisi tulihukumu vibanda ambavyo kwa miaka mingi tulivipita tu, tukiwa ndani ya matatu au tukiharakia msikitini, bila ya kusimama hata mara moja. Tukaazimia kwenda kutazama kwa macho yetu.

Jioni ya Alhamisi

Siku ya Alhamisi madrasa yetu hufungwa mapema. Tuliswali Maghrib, kisha tukatoka kwa miguu: sisi, mama wa watoto, mkaza mwana wetu, na wajukuu wawili, wa kike mwenye miaka minane na wa kiume mwenye miaka mitano. Tunakiri kwamba tulikuwa tumeivuta kofia hadi karibu na nyusi, kama mtu asiyetaka kujulikana.

Mahali penyewe hapana fahari yoyote. Vibanda vya mabati na meza za mbao zimejipanga kando ya njia, kila meza na taa yake. Jiko la makaa liko chini, karai liko juu yake, na nyuma ya karai ameketi mama juu ya kigoda, leso kiunoni, kijiko cha matundu mkononi. Bodaboda na tuktuk hupita karibu mno, makondakta huita abiria wa Likoni na wa Msambweni, na katikati ya kelele hizo zote utasikia mafuta yakichemka. Moshi wa mishkaki hukutana na harufu ya bizari na ya ukwaju, na mtu aliyekuja akiwa ameshiba hujikuta ana njaa tena.

Wanaokula ni watu wa kila namna. Tuliwaona vijana waliotoka kazini katika hoteli za Diani, ambao mchana kutwa wamewaandalia wageni chakula na sasa wanatafuta cha kwao. Tuliwaona madereva, mafundi na wanafunzi. Na tuliona jambo ambalo hatukulitarajia, nalo ni wingi wa familia: baba amempakata mtoto, mama ameketi kwenye benchi na buibui lake, bibi anapuliza kipande cha kiazi kabla ya kumlisha mjukuu. Wanne katika akina mama wale walikuwa wa darsa yetu. Walituona, nasi tukawaona. Tulitazamana kwa muda, kisha mmoja wao akacheka, akasogea kwenye benchi, akasema, "Karibu, maalim, nafasi ipo." Hapo tukairudisha kofia mahali pake.

Tulimwendea yule mama aliyekuja nyumbani. Alitupokea kwa salamu, akauliza tu kama tunataka pilipili nyingi au kidogo. Hakutaja lolote jingine, wala sisi hatukuthubutu kulitaja. Viazi vyake huchemshwa kwanza, vikamenywa na kukatwa, kisha huchovywa katika rojo ya unga iliyotiwa manjano, chumvi na kitunguu saumu, ndipo vikaingia mafutani. Vikitoka huwa na ganda jembamba la rangi ya dhahabu, na ndani ni laini. Alitutilia chatini mbili pembeni mwa sahani, moja ya ukwaju na moja ya nazi na pilipili. Mjukuu wetu wa kiume, ambaye nyumbani hubembelezwa kila tonge, alimaliza sahani yake na kuitazama ya dada yake.

Tulipomaliza hapo tulizunguka. Kibanda cha pili kilikuwa na viazi vya rojo, ile bakuli ambayo ndugu zetu wa Unguja huiita urojo au mix, yenye mchuzi wa manjano na uchachu wa ndimu, ikitupiwa bajia na kachiri za muhogo juu yake. Cha tatu kilikuwa na sambusa na chapati. Mbele yake palikuwa na mishkaki, kisha muhogo wa kukaanga uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, kisha juisi ya ukwaju na ya miwa. Mama wa watoto alionja chapati, akaisifu, kisha akatunong'oneza kwamba miaka yote hii alikuwa akiinunua kwa siri kupitia kwa watoto siku anapochoka. Kwa hiyo tulikuwa tukila chakula cha barabarani nyumbani kwetu bila ya kujua, na tulikuwa tukikisifu.

Sambusa imetoka mbali

Mjukuu wetu wa kike aliuliza, "Babu, hivi ni vyakula vya Kiswahili au vya Kihindi?" Swali lake linastahili jibu pana, kwa kuwa watu wengi husema vyakula hivi ni mambo ya kisasa yaliyoletwa juzi, na wengine huvidharau kwa sababu hiyo.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Tangier alifika katika pwani yetu. Alipokuwa Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni akawekewa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, pamoja na achari ya ndimu, tangawizi mbichi na maembe. Kisha akapita Mombasa, akawasifu watu wake kwa dini na uchamungu, akaendelea hadi Kilwa. Miaka michache baadaye bwana huyo alikuwa Delhi, na miongoni mwa vyakula vya ikulu ya sultani alivyovieleza ni sambusa: mkate mwembamba uliokunjwa juu ya nyama iliyosagwa pamoja na lozi, vitunguu na viungo, kisha ukakaangwa kwa samli. Msafiri yule yule aliyekula wali wa pwani yetu alikula sambusa ya India. Bahari iliyomchukua yeye ndiyo iliyochukua vyakula.

Majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, yakiwaleta wafanyabiashara wa Gujarat, wa Kachchh, wa Oman na wa Uajemi. Baadaye, kati ya mwaka 1896 na 1901, ujenzi wa reli kutoka Mombasa uliwaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka India. Wengi walirejea kwao, lakini maelfu walibaki, na majiko yao yakabaki nao. Ndiyo maana leo tunasema chapati, bajia, chatini na kachumbari, maneno yaliyotoka India, na tunasema pilau, achari na sambusa, maneno yenye asili ya Kiajemi, bila ya kuhisi kwamba tunazungumza lugha ya mtu mwingine. Mishkaki nayo ina ndugu zake: ukienda Oman, ambako jamaa zetu wengi wanaishi, utaikuta ikichomwa kando ya barabara jioni na ikiitwa kwa jina hilo hilo karibu sawa.

Lakini mama zetu hawakupokea tu, walibadilisha. Bajia za dengu za Wahindi zikawa pia bajia za kunde, kwa sababu kunde ndizo zilizokuwa shambani. Chatini ikatiwa nazi. Kiazi, muhogo na pilipili asili yake ni bara la Amerika, na vilifika kwetu baada ya Wareno kuanza kupita katika bahari hii mwaka 1498. Hata ukwaju una kisa chake: Waarabu waliuita tende ya India, ilhali mti wenyewe asili yake ni Afrika. Tulimwambia mjukuu wetu kwamba sahani aliyoishika ina kiazi kutoka ng'ambo ya dunia, karai na manjano kutoka India, ukwaju wa Afrika na nazi ya Diani, na kwamba mikono iliyoviunganisha vyote hivyo ni ya bibi yake mzaa bibi. Hicho ni chakula cha Kiswahili.

Neno la wanazuoni, na nusu tuliyoiacha

Sasa turudi kwenye jibu letu la darsani. Ni kweli kwamba jambo hili limetajwa vitabuni. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277, amelitaja katika Minhaj, kitabu ambacho wanafunzi wa madhehebu yetu ya Shafi katika pwani hii wamekisoma kizazi baada ya kizazi. Katika mlango wa ushahidi anaeleza kwamba shahidi anatakiwa awe na murua, nao ni mtu kujipamba kwa tabia za watu walio mfano wake katika zama zake na mahali pake. Kisha anatoa mifano ya yanayouondoa, na miongoni mwayo ni kula sokoni na kutembea kichwa wazi.

Hapo ndipo tulipoishia siku ile. Lakini maneno ya Imam hayaishii hapo. Anaendelea kusema kwamba jambo hilo hutofautiana kwa kutofautiana watu, hali na mahali. Na waliokifafanua kitabu chake wakaeleza kwamba hukumu hiyo haimhusu mtu ambaye soko ndilo maisha yake, wala aliyezidiwa na njaa au kiu. Sisi tulisoma nusu ya maneno na kuiacha nusu. Tungekuwa waadilifu, tungejiuliza pia juu ya ule mfano wa pili. Ni Waislamu wangapi leo wanaotembea Ukunda bila ya kofia, na ushahidi wao haukataliwi katika mahakama ya Kadhi? Kama desturi imebadilika katika kichwa, huenda pia imebadilika katika sahani.

Tena kuna yaliyo juu ya vitabu vya fiqhi. Katika Suratul Furqan Mwenyezi Mungu anatusimulia namna makafiri wa Makka walivyostaajabu kumwona Mtume, rehema na amani zimshukie, akila chakula na akitembea masokoni, wakaona hilo halimfai mtu wa cheo chake. Katika sura hiyo hiyo wanajibiwa kwamba Mitume wote waliotangulia walikuwa wakila chakula na wakitembea masokoni. Aya haizungumzii kula ndani ya soko, wala hatutaki kuibebesha isichokibeba. Lakini inatufunza kwamba soko si mahali pa kumvunjia mtu heshima yake. Naye Ibn Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokewa katika mkusanyiko wa Tirmidhi akieleza kwamba wao Masahaba, katika zama za Mtume, walikuwa wakila huku wakitembea.

Kwa hiyo jibu sahihi ni hili: familia kutoka pamoja na kula kwenye vibanda, kwa adabu na kwa kiasi, ni jambo la mubaha. Si haramu, wala katika mji na zama zetu halimwondolei mama wa Kiislamu heshima yake. Tulikosea katika kulijumlisha, nasi tunaomba radhi kwa Allah kwanza, kisha kwa wale ambao jibu letu liliwaumiza. Na kwa yule mama tunasema: ada yako tunaipokea kama tunavyopokea mali safi kabisa, kwani kula kutokana na kazi ya mkono ni katika chumo bora alilolisifu Mtume, akatupa mfano wa Nabii Daud aliyekuwa akila kutokana na kazi ya mkono wake.

Halali, na tena kizuri

Kusema ni mubaha hakumaanishi kwamba kila kinachokaangwa huliwa. Qurani imeamrisha chakula kiwe halali na kiwe kizuri, na mambo hayo ni mawili. Baada ya kuketi pale jioni kadhaa, tunawashauri wasomaji wetu yafuatayo.

La kwanza ni nyama. Kwa muuzaji Mwislamu tunabaki katika dhana njema, wala hatutakiwi kumpekua. Lakini soseji za viwandani na nyama ambayo muuzaji mwenyewe hajui imetoka wapi ni haki yako kuziuliza, na muuzaji mwaminifu hachukii kuulizwa. Asiyekuwa na yakini aende kwenye viazi, muhogo na samaki, milango ni mingi.

La pili ni mafuta. Mafuta yaliyorudiwa siku nyingi huwa meusi, hutoa moshi mapema na huacha uchungu kooni. Anayekuuzia chakula cha mafuta hayo huku akikificha kwa rangi ya manjano anafanana na yule muuza nafaka wa Madina ambaye Mtume alitia mkono katika lundo lake akakuta umajimaji chini ya ukavu, akamwonya kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Wauzaji wetu wanaosoma makala haya, na tunajua mpo, hadithi hiyo inafika hadi kwenye karai.

La tatu ni maji na mikono. Yule mama ana jerikeni yenye bomba chini yake na sabuni pembeni, na haugusi mkate kwa mkono ulioshika pesa. Sheria ya afya nchini Kenya inamtaka kila anayeuza chakula apimwe na kupata cheti, nacho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Wake umo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza, na alituonyesha kabla hatujamaliza kuuliza. Katika mwambao huu ambao kipindupindu kimewahi kutembelea nyumba nyingi, cheti hicho ni sehemu ya amana.

La nne ni karatasi. Viazi vya kuchukua nyumbani bado hufungwa na wengi katika magazeti ya zamani. Wino haufai kuliwa. Na kwa gazeti letu hili lipo la ziada: lina majina ya Allah na ya Mtume wake, nalo halifai kufungia bajia kisha likatupwa mtaroni. Tulilikuta toleo la mwaka jana chini ya sambusa, na uso wetu uliwaka. Njoo na bakuli lako kutoka nyumbani. Ni safi zaidi, na hupunguza taka.

La tano ni swala. Mtume ametufundisha kwamba chakula kikishawekwa na swala ikakimiwa, tuanze na chakula, ili moyo usiwe sahanini wakati mwili uko msikitini. Lakini ruhusa hiyo si ya kukaa vibandani hadi Isha ipite. Ilipoadhiniwa Isha tulimwona yule mama akifunika viazi vyake kwa sinia, akatandika mkeka nyuma ya kibanda na kuswali, huku jirani yake muuza mishkaki akimwangalizia karai. Aliporudi yeye, jirani akaenda. Hawakuambiwa na mtu.

La sita linawahusu wanaume. Akina mama wengi walitwambia kwamba hawaogopi chakula bali maneno ya vijana wanaosimama pale na pikipiki zao. Kuinamisha macho ni amri iliyoanza kwa wanaume katika Suratun Nur. Baba anayetaka familia yake iende kwa amani naye aende nayo, asiwape pesa tu na kubaki barazani.

Wenzetu wamefanyaje

Vibanda vyetu vinaweza kuwa bora zaidi, na mifano ipo karibu na mbali. Bustani ya Forodhani mjini Unguja, ambako watu hula jioni kando ya bahari, ilitengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan na kufunguliwa tena mwaka 2009, ikapata njia, taa na mahali pa kukaa, na wauzaji wakabaki na riziki zao.

Mbali zaidi, huko Asia ambako nyingi ya karai hizi zilianzia, mji wa Singapore ulikuwa na maelfu ya wauza chakula wa barabarani. Serikali haikuwafukuza wakapotea. Kuanzia miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1980 iliwahamishia katika masoko ya chakula yenye paa, maji na mifereji. Katika masoko hayo Mmalayu, Mchina na Mhindi huuza bega kwa bega, na sehemu za kurudishia vyombo hutenganishwa, vya halali mbali na visivyo vya halali, ili Mwislamu ale bila ya wasiwasi. Mwaka 2020 UNESCO iliutia utamaduni huo katika orodha ya urithi wa wanadamu. Chakula cha kando ya njia kikaheshimiwa kwa sababu wenyewe waliamua kukiheshimu.

Sisi hatuombi makubwa. Taa za kutosha, bomba moja la maji ya pamoja, mapipa ya taka, na mabenchi machache upande wa mbali na barabara kwa ajili ya akina mama na watoto. Kamati za misikiti na viongozi wetu wa Kwale wanaweza kuyasimamia hayo kabla ya Ramadhani, wakati ambapo vibanda hivi hulisha wafungaji wengi waliokwama njiani.

Kawa la bibi

Limebaki jambo moja. Tulipokuwa wadogo, bibi yetu hakuruhusu sahani itoke nje ya mlango bila ya kufunikwa kawa. Akitutuma kupeleka mchuzi kwa jirani, kawa lilikuwa juu ya sahani; tukitaka kula barazani, alituita ndani. Tulikua tukidhani kwamba aliona haya. Siku moja alitweleza sababu: njiani hupita mwenye njaa, na si haki kumwonyesha usichomgawia. Tunaamini kwamba huo ndio moyo wa murua waliouzungumza wanazuoni, na ndio ulio katika wasia wa Mtume kwa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake ili awakumbuke majirani.

Basi usiku ule wa kwanza, tulipokuwa tunamaliza sahani, mjukuu wetu wa kike alituvuta kanzu. "Babu, yule mbona hali?" Kando ya nguzo ya taa alisimama mvulana wa miaka kama kumi, miguu peku, macho yake yakiwa kwenye sahani zetu. Tulitia mkono mfukoni kutafuta pesa. Kabla hatujazipata, yule mama alikwisha kumwita: "Njoo, mwanangu. Umenawa?" Mvulana akaenda kwenye jerikeni, akanawa, akapewa viazi viwili na chatini, akaketi pembeni na kula kwa bismillahi. Tulimuuliza mama kama anamjua. Akasema huja karibu kila usiku, na kwamba viazi viwili hivyo huvihesabu pamoja na makaa na mafuta, kabla ya kuhesabu faida.

Mama huyo ndiye tuliyekuwa tumewaambia watu kwamba meza yake haina murua.

Tulilipa sahani zetu, tukaongeza za mvulana kwa siku zijazo, naye akaziandika kwa kalamu nyuma ya boksi la chumvi ili asisahau. Alhamisi iliyofuata tulirudi kwenye darsa ya akina mama. Tulikifungua kitabu kile kile, mlango ule ule, tukasoma maneno ya Imam hadi mwisho wake, na tukawaeleza nani aliyetusomesha nusu iliyobaki. Yeye mwenyewe hakuwapo. Saa hiyo huwa anamenya viazi. Lakini watoto wake watatu walikuwa katika chumba cha pili wakisoma, na sauti zao zilitufikia.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki za akina mama wanaochuma kwa mikono yao, atulishe cha halali kilicho kizuri, na atujaalie kuwaona wale wanaotutazama tunapokula. Amin.

Wabillahi tawfiq.